Karatasi ya Kiguu na Njia

Wako watu ambao kiti kwao ni adhabu. Ukimwambia mmoja wao, "Keti mama, upumzike," anakutazama kama umemtukania ukoo. Mpima damu wa kliniki ya wanyama alikuwa mtu wa namna hiyo, na wenzake kazini walimpachika jina la Kiguu na Njia, jina lililomganda mpaka likamfuata nyumbani. Alikula amesimama. Akipigiwa simu alizunguka meza hadi mazungumzo yaishe. Mumewe, fundi saa ambaye kwa miaka thelathini hajabadilisha kigoda, aliwaambia watu kwamba siku ya harusi alidhani anaoa mke, kumbe ameoa upepo.

Msidhani lakini kwamba alikuwa mtu wa kulipua kazi. Miguu ndiyo iliyokataa kutulia, mikono ilitulia kama ya mshonaji. Kwa miaka kumi na minane alipima damu za binadamu katika hospitali moja kubwa, na kilichomchosha hakikuwa damu, walikuwa wenye damu. Mtu anaambiwa sukari yake imepanda, anakula kiapo kwamba tangu jana hajatia kitu mdomoni ila chai kavu. Mnyama hana ubishi huo. Kwa hiyo daktari mmoja mzee alipofungua kliniki ya wanyama na kumwita, mama huyu hakusubiri kuitwa mara ya pili.

Kule alikuta jambo ambalo hospitali haikumfundisha. Binadamu ni binadamu, viwango vyake unavikariri ukiwa mwanafunzi na unavizeekea. Wanyama kila mmoja ana lake. Kilicho homa kwa huyu ni afya kwa yule. "Namba peke yake ni bubu," daktari mzee alikuwa akimwambia. "Haisemi kitu mpaka uiweke kando ya mnyama mzima wa aina yake." Mashine waliyonunua ilijua mbwa na paka tu, sungura haikumjua hata kwa jina, na sungura wa kufugwa majumbani walikuwa wameanza kuletwa kwa wingi. Basi Kiguu na Njia akachukua kitabu kinene cha daktari, akatafuta jedwali la viwango vya damu, akanakili safu ya sungura kwa rula na kalamu za rangi mbili, chini kabisa akaweka tarehe. Kisha akaipeleka karatasi dukani ikavikwa plastiki, na akaitundika ukutani juu ya mashine.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye mchezo wote. Karatasi ikishavikwa plastiki huwa sheria. Karatasi tupu watu huitilia shaka, huichora, huikosoa kwa penseli. Ile yenye plastiki inafutwa vumbi tu. Kwa miaka tisa karatasi ile ilifutwa vumbi. Daktari mzee alistaafu akaenda kukaa na wanawe, akaja daktari kijana, mpole, mjuzi wa ng'ombe na mbwa, ambaye siku ya kwanza alisimama mbele yake na kusema, "Mama, kwa hawa sungura karatasi yako ndiyo macho yangu." Mama yule alifurahi. Nani asingefurahi?

Siku ninayoisimulia ilianza saa tatu asubuhi, alipoingia Mwalimu na kikapu chake. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mtu wa kufunga vifungo vyote vya shati. Mkewe alipofariki, nyumba ilimwelemea kwa ukimya. Mbwa aliona atapiga kelele mno, paka hawezi kuaminika, akaishia kwa sungura. Wa kwanza alimwita Bi Mkubwa. Huyo alikufa miaka miwili nyuma, na baada ya kukaa mwaka mzima bila kitu, akaleta wa pili, wa kijivu, sikio moja limelala, akamwita Bi Mdogo. Akiulizwa hujibu, "Mimi si mtu wa wake wawili kwa pamoja. Nawapanga foleni." Watu walicheka, naye alicheka nao, ila si sana.

Asubuhi ile hakuleta mzaha. Bi Mdogo alikuwa hajala siku mbili. Alikaa kikapuni amejikunja, macho nusu, hata jani bichi aliligeuzia uso.

Kiguu na Njia akampapasa sikio, akapata mshipa kwa sindano nyembamba, akatoa damu kidogo isiyojaza hata kifuniko cha kalamu. Akaizungusha kwenye mashine yake, akaipima, akaandika. Sukari imepanda kidogo, jambo la kawaida kwa sungura aliyetiwa hofu. Figo si vibaya. Kalsiamu, kumi na nne nukta mbili. Akainua macho ukutani. Kwenye karatasi, kalsiamu ya sungura iliishia kumi nukta nane. Akachora mshale mwekundu wa kwenda juu, kama alivyochora mara nyingi, akampelekea daktari.

Daktari alisoma, akamwita Mwalimu ndani. Mlango ulikuwa wazi, hivyo mama alisikia yote. Mnyama hali siku mbili, na kalsiamu imeruka kiasi kile. Kwa uzoefu wake, figo zikiwa si vibaya, hiyo ni uvimbe mbaya uliojificha. Kumlazimisha aishi ni kumtesa. Kilichobaki ni kumlaza kwa sindano, hatasikia kitu.

"Leo?" Mwalimu aliuliza.

"Leo ni bora kuliko kesho, baba."

"Nipe mpaka saa kumi. Kuna fulana yangu ya zamani analalia. Niende nikailete." Akainuka, akavifunga vifungo ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa. "Na nitamshika mwenyewe, daktari. Kama nilivyomshika Bi Mkubwa."

Akatoka. Bi Mdogo akabaki kizimbani, na mama wa maabara akaanza kutembea.

Alitembea kutoka mashine hadi dirishani, dirishani hadi mashine. Kama Bi Mkubwa, Mwalimu alisema. Wawili, nyumba moja, wote wameacha kula, wote kalsiamu juu? Alikumbuka mshale ule mwingine mwekundu, aliuchora yeye. Akajaribu kufanya kazi nyingine, akapima kinyesi cha mbwa wa polisi, akaosha vioo ambavyo vilikuwa safi. Haikusaidia.

Akaipima damu ya Bi Mdogo upya. Kumi na nne nukta moja. Basi huenda mashine imezeeka, akajiambia. Kila mashine ya damu ina kichupa chake cha majaribio, maji ambayo jibu lake limeandikwa ubavuni. Akakipima. Mashine ikajibu sawasawa na ubavu wa kichupa, bila hata nukta ya kuongeza. Mashine nzima. Damu ile ile. Akatazama saa: tano na robo.

"Wewe utatoboa sakafu," mhudumu wa mapokezi alimwambia. "Una nini leo?"

"Sina kitu. Natoka kidogo."

Alibeba vichupa, sindano na pamba kwenye mkoba wake wa mkono, akaenda mbio kwa wifi yake, mitaa miwili mbele. Wifi huyo, dada wa mumewe, alifuga sungura wa kuuza kwa watu wanaotaka wanyama wa nyumbani, na alifuga pia ulimi.

"Hee! Wifi, mchana huu? Umefukuzwa kazi?"

"Bado. Nipe sungura watatu, wazima kabisa, nitoe damu."

"Kaka yangu umeshamnyonya akabaki mifupa, sasa umehamia kwa sungura wangu?"

"Wifi, sina muda wa utani."

"Wewe muda uliwahi kuwa nao lini?" Lakini aliuona uso wa mwenzake, akaacha maneno, akafungua banda. Walichagua jike mmoja na madume wawili, wenye manyoya ya kung'aa na tabia mbaya. Dume wa mwisho alimpiga mama teke la tumbo. Mama alishukuru kwa lile teke, mgonjwa hana nguvu hizo.

Wakati anabana pamba kwenye sikio la mwisho, wifi alichukua brashi akainama kusugua sakafu, penye mabaka meupe yaliyokauka. "Hii chokaa itanizika," alisema. "Nasugua asubuhi, jioni ipo."

"Chokaa gani?"

"Mkojo wao, wifi. Hujaona? Sungura anakojoa chokaa. Mkubwa, mdogo, dume, jike. Mwingine mkojo wake utadhani maziwa. Hebu niambie, miaka tisa unawachezea damu hujui hata wanavyokojoa?"

Kiguu na Njia alisimama na pamba mkononi. Alijua. Kila mpimaji anajua mkojo wa sungura ni mzito na mweupe, alikuwa ameuona mara mia. Hakuwahi tu kukaa akajiuliza chokaa ile inatoka wapi, na huenda kukaa ndiko kulikomshinda. Chokaa ile ni kalsiamu, na inatoka kwenye damu, mama. Itatoka wapi pengine? Sungura hunyonya kalsiamu yote anayokula, ikijaa damuni anaimwaga kwa mkojo. Mnyama wa namna hiyo atakuwaje na kalsiamu ndogo?

Hakuaga. Wifi alibaki na brashi, akisema peke yake kwamba kuna watu na viatu.

Aliporudi kliniki, alipima vichupa vitatu akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Kumi na tatu nukta sita. Kumi na nne nukta nne. Kumi na tatu nukta tisa. Kwa mujibu wa karatasi ya ukutani, wale watatu walipaswa kuwa mahututi, na alipowaacha walikuwa wanagombania jani la kabichi.

Ikabaki karatasi.

Alivuta kiti, akapanda, akaitungua. Kisha akaenda kwenye kabati la daktari mzee, akatoa kitabu kinene, akapuliza vumbi. Jedwali lilikuwa la kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vichwa juu ya kila safu, mbwa, paka, sungura, na kando ya safu ya sungura kulikuwa na vitone vyake vya penseli, kimoja kwa kila alichonakili. Alivikumbuka. Alikumbuka pia kipande cha kadi alichokuwa akikitumia kufunika safu nyingine ili jicho lisipotee. Akafungua ukurasa wa pili. Huko mpiga chapa hakurudia vichwa. Namba zilianza tu zenyewe, kalsiamu ikiwa ya kwanza, na vitone vyake vya penseli vilishuka vizuri, kwa unadhifu, kando ya safu ya katikati.

Safu ya katikati ilikuwa ya paka.

Alipogeuza ukurasa, aliirudisha kadi hatua moja kando. Basi. Hakukuwa na simu iliyomshtua wala mtu aliyemwita. Kwa miaka tisa sungura wote wa kliniki ile walipimwa kalsiamu kwa mizani ya paka, kwa wino wa rangi mbili, na plastiki juu yake.

Aliogopa. Nisimpambe, aliogopa kama mtu yeyote. Alibakiza miaka miwili astaafu. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la wizi: atanakili karatasi mpya, ataivika plastiki, ataitundika pale pale, na atamwambia daktari kipimo cha asubuhi kilikosewa. Bi Mdogo ataishi, na hakuna atakayejua. Lilikuwa wazo zuri mno, ndiyo maana hakuliamini. Akatembea nalo vyumba vyote, hadi bafuni, hadi nyuma penye mapipa, na kila aliporudi alilikuta limemsubiri.

Kilichomaliza mambo ni daftari. Alilifungua la miaka miwili nyuma. Ukurasa haukuwa mgumu kuupata. "Bi Mkubwa, jike, miaka minne, hali siku mbili. Kalsiamu 13.9." Mshale mwekundu. Kumi na tatu nukta tisa, sawa kabisa na dume la wifi lililompiga teke. Akaegemea ukuta, akalia kidogo, kisha akajifuta kwa mkono wa koti jeupe kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda.

Daktari alimsikiliza huku akigeuza kurasa za kitabu. Uso ulimbadilika mara tatu. Kwa haki ya Mungu hakupiga kelele.

"Na mimi nilikuwa naisoma tu," alisema. "Sikuwahi kufungua kitabu."

"Kuandika niliandika mimi."

"Sawa. Tumshukuru Mungu tumewahi. Nitamtazama sungura upya, toka mwanzo. Mwalimu akija tutamwambia tumerudia kipimo, majibu ni mazuri. Si uongo."

"Na Bi Mkubwa?"

Daktari alifunga kitabu polepole. "Mama, yule ameshakwenda. Ukimwambia utamrudishia? Utamfungulia mzee kidonda tu. Kuteleza si kuanguka."

"Niliyeteleza ni mimi, daktari. Aliyeanguka ni sungura wa watu."

Saa kumi kasoro dakika kumi, Mwalimu aliingia. Alikuwa amenyoa. Fulana ilikuwa imekunjwa mara nne chini ya kwapa, na alipomwona mama amesimama mlangoni akimsubiri alidhani amechelewa. "Ameshakwenda?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu. Yu hai. Wala leo haendi popote." Kisha akasema yote pale pale, kwenye mlango wa mapokezi, kwa sababu alijua akimwongoza hadi ofisini miguu itamgeuka. Alisema karatasi ni yake, alikosea kunakili, alichukua namba za paka akawapa sungura. Alisema kalsiamu ya Bi Mdogo ni ya sungura mzima. Ugonjwa anao, lakini si ule walioudhani, na daktari anautafuta sasa hivi.

Mwalimu alisikiliza kichwa amekiinamisha, kama anayemsikiliza mwanafunzi akieleza kwa nini hakuleta kazi. Aliingia ndani, akamkuta daktari amemtoa Bi Mdogo kizimbani na kumweka mezani.

"Nahitaji mtu wa kumshika," daktari alisema. "Nitamtazama mdomoni, mpaka nyuma kabisa."

Mwalimu alinyoosha mikono, kisha akairudisha. "Mshike wewe," alimwambia mama.

Akamshika. Akamfunga vizuri kwa taulo, akamkumbatia kifuani, na moyo wa mnyama ulikwenda mbio chini ya kiganja chake. Daktari alichukua kile chombo chembamba cha kutazamia masikio ya mbwa, akakiingiza pembeni mwa mdomo, akamulika. Alitazama kulia. Alitazama kushoto, akakaa huko.

"Jino," alisema. "La nyuma, kushoto. Limeota ncha kama mwiba, limeuchana ulimi. Anataka kula, hawezi. Tukimpa usingizi mwepesi nalisaga sasa hivi, na baada ya siku mbili tatu anatafuna nyasi."

"Jino," Mwalimu alirudia.

Daktari alishughulika kutafuta dawa ya usingizi, akaitafuta muda mrefu kuliko dawa iliyo kwenye rafu ya mbele.

"Bi Mkubwa naye aliacha kula siku mbili," Mwalimu alisema. Hakupandisha sauti. "Namba yake ilikuwa ngapi?"

"Kumi na tatu nukta tisa."

"Na hiyo ni ya sungura mzima?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ya mzima."

"Mdomoni mlimtazama?"

Mama alitaka kusema kwamba huenda alikuwa na maradhi mengine, kwamba hakuna anayeweza kujua sasa. Yote hayo yalikuwa kweli. "Hapana," alisema. "Tulipoona namba, hatukumtazama tena."

Mzee akaikunjua ile fulana, akaitandika kwenye kona ya meza, akailainisha kwa kiganja mpaka mikunjo yote minne ikaisha. "Mimi ndiye niliyemshika," alisema. "Alinitazama. Nikamwambia avumilie kidogo, tunampumzisha."

Daktari alimpa Bi Mdogo sindano ya usingizi, na alipolegea akamchukua kutoka mikononi mwa mama, akaenda naye chumba cha pili, penye taa kubwa. Mlango ukafungwa. Wakabaki wawili. Mama alikuwa na taulo tupu mkononi, na miguu yake ilishaanza, hatua moja kuelekea dirishani.

"Kuna karatasi nyingine ya kuandika," alisema. "Na kuna watu wengine kwenye daftari, lazima niwatafute. Acha nika..."

"Utawatafuta kesho." Mwalimu alivuta viti viwili, akaviweka vikitazamana, akakaa kwenye kimoja. "Nyinyi Bi Mkubwa mnamjua kwa namba tu. Keti, nikueleze alivyokuwa."

Simu ya mapokezi ilikuwa inalia. Mhudumu alimwita mara mbili kwa jina lake la utani. Mama akaketi, akaweka taulo magotini, na hakuinuka mpaka mzee alipomaliza.